Atakayerudi Ijumaa

Aliniambia anataka kuwa nesi. Alisema kwa sauti ya chini huku akichora udongo kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayekiri kosa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, katika shule moja ya sekondari ya kata kwenye barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani, na wenzake walikuwa wanafagia madarasa ili waende nyumbani. Nilifurahi. Mimi ni muuguzi na mkunga, na shuleni pale, ninapojitolea kila Ijumaa, wananiita Sista.

Nikamuuliza yuko mchepuo gani.

“Sanaa, Sista.”

Fizikia je? “Nimeacha.” Na kemia? “Nayo nimeacha.”

Ilikuwa Februari, miaka mitano iliyopita. Alikuwa kidato cha tatu, wiki ya tano tangu achague mchepuo.

Miaka ile mwanafunzi akishavuka kidato cha pili aliruhusiwa kuacha baadhi ya masomo. Baiolojia walibaki nayo wote, lakini fizikia na kemia ziliachwa na wengi, kwa sababu ni ngumu, au mwalimu wake hayupo, au rafiki unayekaa naye dawati moja kaacha na hutaki kubaki peke yako. Sasa, ili upokelewe kusomea stashahada ya uuguzi na ukunga, ambayo ni miaka 3 ya chuo, cheti chako cha kidato cha nne lazima kionyeshe ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo baiolojia, kemia na fizikia. Alama D inatosha. Lakini D haipatikani katika somo ambalo hukulifanyia mtihani. Binti yule alikuwa ameufunga mlango wa kazi anayoitaka kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na miaka 16, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba ule ulikuwa mlango.

Mama yake anakaanga samaki na kuuza jioni kando ya barabara. Ni mama mwenye juhudi kuliko wengi ninaowajua, na angekuwa na habari ile angemwambia mwanawe siku hiyohiyo. Hakuwa nayo. Tulikwenda kwa mwalimu wa taaluma mchana uleule, binti na mimi. Mwalimu alitutazama, akahesabu wiki kwa vidole, akasema tano si nyingi, akaliandika jina lake upya kwenye orodha ya sayansi. Binti akaazima madaftari, akanakili notsi mpaka muhula unaisha. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka alikuwa na C ya baiolojia, D ya kemia na D ya fizikia. Sijawahi kuifurahia D kama ile. Sasa yuko chuoni mwaka wa tatu, na akija likizo ananieleza habari za wodini kama mwenzangu wa kazi.

Kabla ya kisa hicho nilidhani kazi ya mlezi wa kujitolea shuleni ni kuwatia watoto moyo. Binti yule moyo alikuwa nao. Alichokosa ni mtu mzima mmoja anayeijua njia, na anayekuja mara kwa mara kiasi kwamba mtoto haoni taabu kumuuliza swali dogo. Swali dogo halimgojei mgeni rasmi. Linamgojea mtu aliyekuwepo wiki iliyopita na atakayekuwepo wiki ijayo.

Shule ya kata kama hii ina historia yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, nchi iliamua kila kata iwe na sekondari yake, na wananchi wakabeba mawe, wakachota mchanga, wakafyatua matofali. Mwaka 2016 ada ya shule za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, ikafutwa. Matokeo yake ni kwamba wengi wa watoto ninaokaa nao chini ya mwarobaini ni wa kwanza katika nyumba zao kuvaa sare ya sekondari. Hilo ni jambo kubwa, na kila ninapowaona asubuhi wanatembea kwa makundi pembezoni mwa lami, roho yangu hutulia.

Ila kuna elimu isiyofundishwa darasani. Katika nyumba ya mwalimu au mhasibu, mtoto anasikia wakati wa chakula cha usiku kwamba kuna kitu kinaitwa tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, kwamba machaguo ya kidato cha tano na vyuo yanaweza kubadilishwa baada ya matokeo lakini dirisha lina mwisho wake, kwamba mkopo wa chuo una fomu na fomu ina viambatisho. Hakuna aliyekaa kumfundisha. Ameyaokota tu kama anavyookota salamu. Katika nyumba ya mvuvi au mkata mkonge mambo hayo hayapo mezani, na upendo wa mzazi, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kuyaleta. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 kwa kidato cha tano, mahali ambapo zamani zilikuwa 16. Nimefurahia upana huo. Lakini njia zikiongezeka, anayehitaji kuelekezwa anazidi kupotea asipopata wa kumwelekeza.

Kila shule inatakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi, na ninayemfahamu mimi ni mwanamke hodari sana. Pia ni matroni. Pia ana vipindi vyake vyote vya Kiswahili, na madaftari ya kusahihisha yamejaa meza mpaka hana pa kuweka kikombe. Aliponikaribisha mara ya kwanza aliniambia, “Sista, wewe nipunguzie masikio tu. Mimi nina mawili.”

Niseme hapa jambo linaloniuma. Shule zetu hazikosi wageni. Wanakuja na bango, spika na fulana, wanakusanya watoto mia tano juani, wanasimulia walivyotoka kwenye umaskini hadi kwenye gari lililoegeshwa pale nje, wanawaambia watoto waamini ndoto zao, wanapiga picha, wanaondoka. Watoto wanashangilia kweli. Wengine wanaandika namba ya simu ya mgeni nyuma ya daftari. Nimeiona namba ya namna hiyo kwenye daftari la mvulana wa kidato cha nne, imezungushiwa duara la wino mwekundu. Aliipiga mara nne kwa simu ya kaka yake na haikupokelewa. Kilichompata mtoto yule ni kibaya kuliko kutotembelewa kabisa, kwa sababu sasa alikuwa na ushahidi mkononi kwamba watu wakubwa wanasema tu.

Huku pwani mtu wa kumlea kijana kwa maneno alikuwa na jina lake. Tunasema somo. Neno hilo ni kipindi cha darasani, na ni mtu mnayeitana jina moja, na ni yule mwanamke anayekabidhiwa mwali ili amfunde. Wengine humwita kungwi. Zipo sehemu za mafundisho yale ambazo mimi kama mkunga sizitaki zirudi, na nimewahi kuzisemea hadharani. Lakini mpangilio wake ulikuwa na hekima. Somo hakuwa mama mzazi, kwa hiyo mwali aliweza kumwambia asiyoweza kumwambia mama. Aliteuliwa, si kwamba alijitokeza siku hiyo na kupotea kesho. Binti alipajua nyumbani kwake, alijua atamkuta, na somo alikuwepo kwenye unyago, akawepo kwenye ndoa, na mara nyingi akawepo kwenye uzazi wa kwanza. Nimewazalisha wanawake ambao mama zao walikaa nje ya chumba na somo ndiye aliyeruhusiwa kuingia.

Nililielewa vizuri zaidi hilo baada ya kufanya kosa.

Mwaka wangu wa pili wa kujitolea nilikosa Ijumaa tatu mfululizo. Wodini tulikuwa wachache, zamu zikapangwa upya, nikachoka, nikajiambia watoto wataelewa. Sikutuma hata ujumbe. Niliporudi, mwalimu wa unasihi aliniambia kwamba kuna msichana wa kidato cha pili alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi kila Ijumaa, na Ijumaa ya tatu alikaa mpaka mlinzi akamwambia aende nyumbani, kunaingia giza. Nilimfuata darasani. Aliniamkia, “Shikamoo Sista,” nikaitikia, akapita. Wiki iliyofuata vilevile. Muhula wa pili ulipofunguliwa hakurudi shuleni. Wenzake walisema amepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Alichotaka kuniambia Ijumaa zile tatu alikwenda nacho.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili limepimwa. Huko Marekani kuna Big Brothers Big Sisters, mpango uliotokana na kazi iliyoanza New York mwaka 1904, pale karani wa mahakama ya watoto, Ernest Coulter, alipochoka kuona watoto walewale wakirudishwa kizimbani, akaomba wanaume wa mji kila mmoja awe kaka wa mtoto mmoja. Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchunguzi wao kuhusu vijana waliounganishwa na walezi katika mpango huo. Waliodumu na mlezi mwaka mzima au zaidi ndio waliofaidika kuliko wote. Na wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka, wakajiona wana thamani ndogo kuliko walivyojiona kabla hawajapata mlezi. Nilipofika kwenye mstari huo nilifunga karatasi, nikatoka nje kidogo.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kujitolea, swali langu la kwanza ni zamu zake. Sijali sana kama ana shahada. Nataka kujua kama anaweza kuutoa mchana mmoja wa wiki, uleule, kwa mwaka mmoja wa masomo, na kama kuna mwenzake kazini anayeweza kushika nafasi yake mambo yakibana. Mimi ninaye mwenzangu anayechukua zamu yangu ya Ijumaa, nami namchukulia Jumapili asubuhi aende kanisani. Bila mama yule nisingekuwa na la kuandika hapa. Nauli ya bodaboda najilipia. Nikishindwa kabisa, napiga simu kwa mwalimu kabla ya saa sita, na jina la kila mtoto anayenisubiri linatajwa, anaambiwa Sista hatakuja leo, atakuja tarehe fulani.

Kuingia shuleni si kugonga geti na kusema una moyo mzuri. Niliandika barua kwa mkuu wa shule, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, nikaambatanisha kitambulisho na barua ya mwajiri, nikasubiri. Nilihojiwa, na nashukuru nilihojiwa. Shule inayompokea mtu mzima yeyote bila kumuuliza maswali haiwalindi watoto wake.

Tunakaa nje, mahali ambapo ofisi ya walimu inatuona. Sikai na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa, simpandishi pikipiki, simpi namba yangu kwa siri. Namba yangu anayo mwalimu. Simpi fedha mkononi. Hili la fedha ni gumu, maana utakaa na msichana ambaye amekosa siku nne za shule kwa sababu hana pedi, na una elfu mbili kwenye pochi. Nilichofanya ni kununua pakiti na kuziacha kwa matroni, ziwe za kila anayehitaji. Mtoto akianza kukuona kama mfuko, mazungumzo yanabadilika, na wenzake wanaanza kusema.

Lililo zito kuliko yote ni siri. Mtoto atakuambia, “Sista, nikikuambia jambo hutamwambia mtu?” Kila sehemu ya mwili wako itataka kujibu hapana, simwambii. Usiahidi kutunza siri ambayo hujaisikia. Siku ya kwanza kabisa nawaambia wote, na narudia kila muhula: mambo yako ya kawaida ni yako, yataishia kwenye benchi hili, lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujidhuru, sitakaa nalo peke yangu, na nitakuambia wewe kwanza nampelekea nani. Nilihofia kwamba maneno hayo yatawafunga midomo. Wengine kweli yaliwafunga kwa muda. Lakini aliyekuja kusema, alikuja akijua anaomba nini. Kuna mwalimu wa unasihi, kuna afisa ustawi wa jamii wa kata, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haikati salio. Namba hiyo nimeiandika kwa rangi kwenye shina la mwarobaini, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Watoto wanaisoma kila siku wakipita, hata wasiokuja kwenye benchi.

Na nisieleweke kwamba kazi hii inataka mtu mwenye ofisi. Utaratibu nilioupenda kuliko yote niliowahi kuuona ni wa shirika la CAMFED, lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005. Wasichana waliosomeshwa na shirika hilo, wakishamaliza kidato cha nne, hupewa mafunzo na kurudi kujitolea kila wiki katika shule za vijijini kwao. Wanatumia vitabu vya programu iitwayo Dunia Yangu Bora, wanazungumza na wadogo zao juu ya kujijua, kujipangia muda na kusoma kwa pamoja, na mtoto akianza kutoroka shule wanamfuata nyumbani, maana nyumbani kwenyewe wanakujua. Wengi wao huweza kupata mkopo kupitia mtandao wa mikopo wa Kiva, wa kuanzisha biashara, ufugaji wa kuku, duka au cherehani, na mkopo huo hauna riba ya fedha. Riba yake wanailipa kwa saa za kujitolea shuleni.

Nauona uzuri wa jambo hilo katika sehemu mbili. Kwanza, limekubali kwamba anayejitolea naye anakula, na kijana wa kijijini asiye na mshahara hawezi kuombwa wema wake tu. Pili, mtoto wa kidato cha kwanza anamtazama mtu aliyetoka kwenye dawati lilelile, ambaye bado anachota maji kwenye kisima kilekile, na aliyepita. Mimi nikimwambia mtoto kwamba Kiingereza cha kidato cha kwanza kinazoeleka, ananiheshimu na kuninyamazia. Akiambiwa hivyo na binti wa jirani aliyepata sifuri mtihani wake wa kwanza wa Kiingereza, anauliza, “Ulifanyaje?”

Wavulana tumewaacha nyuma katika shughuli hii. Nasema kama mwanamke, na nasema kwa uchungu. Wanaojitolea wengi ni wanawake, mipango mingi ni ya wasichana, na sababu zake zipo na ni za haki. Lakini kidato cha tatu wavulana wanaanza kupungua mmoja mmoja. Huyu yuko kwenye bodaboda ya mjomba, huyu kaingia kwenye mtumbwi wa dagaa, amepata elfu kumi siku ya kwanza na ameona shule haina maana. Hawaji kwangu kwenye benchi, au wakija wanakuja watatu watatu na kuzungumzia mpira. Fundi umeme mmoja wa jirani yangu nilimsumbua miezi sita ndipo akakubali. Anakuja Ijumaa na kisanduku chake cha vifaa, anafungua soketi mbovu za shule na kuzitengeneza, na wavulana wanamzunguka kushika tochi. Huko kwenye kushika tochi ndiko wanakomweleza mambo yao. Tangu aanze, wawili waliokuwa wameacha wamerudi darasani, na mmoja ameomba fomu ya chuo cha ufundi cha VETA, jambo ambalo mimi nisingejua hata kumwelekeza pa kuanzia.

Wiki iliyopita alikuja kwangu mvulana mdogo wa kidato cha kwanza, mwembamba, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Alifungua daftari la baiolojia. Alikuwa amenakili ubaoni neno refu la Kiingereza, herufi kwa herufi, na chini yake hakuandika kitu. Akaniambia hajaelewa chochote tangu Januari na anafikiri yeye si wa sekondari. Nikalisoma lile neno, nikamwambia, hii ndiyo usanisinuru. Akanitazama.

“Ile ya majani na mwanga wa jua?”

Ndiyo, ile ya majani na mwanga wa jua.

“Hii mbona naijua, Sista! Tulisoma msingi.”

Akaifafanua yote kwa Kiswahili, kabonidayoksaidi, maji, sukari, oksijeni, bila kukosea hatua hata moja. Kisha akarudi ukurasa wa nyuma na kuweka kidole kwenye neno jingine, akauliza kama na hilo analijua. Lilikuwa mmeng’enyo wa chakula. Tukaenda hivyo neno kwa neno, mpaka mlinzi akaanza kutikisa funguo. Yaliyobaki yalikuwa saba. Akayawekea alama ya penseli moja moja, akakunja pembe ya ukurasa, akauliza Ijumaa nafika saa ngapi. Saa tisa na nusu, nikamwambia, wenzako wakishatoka msikitini na kula.